Mali Bila Daftari: Ruzuku ya Kawi kwa Viwanda Vidogo Ianze na Mita

Leo naweka kando habari za simu na programu nizungumzie jambo ambalo kwa haraka laweza kuonekana halituhusu sisi watu wa kompyuta: pesa za serikali za kuwasaidia wenye viwanda vidogo wapunguze stima inayopotea bure. Vumilieni nami kidogo. Nusu ya jambo hili ni data, na data ndiyo kazi yetu.

Msimamo wangu nautoa mapema. Naunga mkono ruzuku. Serikali ina sababu nzuri ya kumlipia mwenye karakana sehemu ya gharama ya mota mpya. Lakini isitoke hata shilingi moja kabla mtu hajaenda na mita akapima, na kipimo hicho kikaandikwa mahali ambapo wewe na mimi tunaweza kukisoma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ruzuku isiyo na vipimo ni mali ya namna hiyo hasa.

Stima inapotelea wapi?

Sisi tunaoandika programu tuna mazoea mazuri ambayo ningependa kuyaona serikalini. Programu ikiwa nzito, hatuanzi kubadilisha msimbo kwa kubahatisha. Tunapima kwanza ni kipande kipi kinachokula muda. Mara nyingi jibu hushangaza: kile tulichokishuku kinafanya kazi yake kwa sekunde chache, na mchawi ni kijifaili fulani kinachosomwa mara elfu moja bila sababu.

Karakana nayo ni hivyo hivyo. Mwaka jana rafiki yangu mwenye karakana ya samani hapa Nairobi alilalamika kuhusu bili. Tukafunga vibanio vya kupimia mkondo wa umeme kwenye nyaya za mashine zake tatu kubwa, na kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiberiti ikawa inatunza usomaji kila dakika. Yeye alikuwa na hakika kwamba msumeno mkubwa ndio unaomla. Grafu ya juma moja ilisema mengine. Msumeno ulikula kwa vipindi vifupi tu. Kompresa ya hewa ndiyo haikupumzika. Iliwaka na kuzima hata saa ya chakula cha mchana, wakati hakuna aliyekuwa akipuliza rangi. Hewa ilikuwa ikivuja kwenye viungo vya mipira.

Tufanye hesabu. Tundu la milimita 3 kwenye bomba la hewa yenye shinikizo la bar 7 laweza kuilazimisha kompresa itumie kati ya kilowati 3 na 4 za ziada. Chukua 3.5. Kwa saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hizo ni yuniti 10,500. Tuseme yuniti ni Sh20 (nimechagua bei hii ili hesabu iwe nyepesi, wewe weka ile iliyo kwenye bili yako). Jumla ni Sh210,000 kwa mwaka zilizopulizwa hewani, na dawa yake ni viungo vipya na fundi wa nusu siku.

Sasa chukua mfano wa pili, kinu cha kusaga unga chenye mota ya kilowati 7.5. Mota za kwetu mnazijua. Ikiungua hatununui nyingine. Tunaipeleka kwa fundi ifungwe waya upya, na ikiungua tena tunairudisha. Kazi ikifanywa vibaya, ufanisi hushuka kidogo kila mara. Tuseme umefika asilimia 84. Mota mpya ya daraja la IE3 ya ukubwa huo hufikia asilimia 90.4. Tofauti ni kama kilowati 0.63. Kwa saa 3,000 kwa mwaka, ni yuniti 1,900 hivi, yaani Sh38,000. Ikiwa mota mpya inauzwa Sh90,000, pesa hiyo itarudi baada ya miaka miwili na miezi minne.

Umeiona tofauti? Tundu la hewa halihitaji ruzuku yoyote, linahitaji mtu wa kulionyesha. Mota inahitaji mtaji. Serikali ikigawa pesa bila kupima, itamlipa mwenye tundu kama inavyomlipa mwenye mota kuukuu, au itawalipa wote wawili wabadilishe taa.

Wenzetu walifanyaje?

Mwaka 1976, wakati machungu ya mgogoro wa mafuta wa 1973 yalikuwa bado hayajasahaulika, serikali ya Marekani ilianza kuvilipa vyuo vikuu vipeleke wahadhiri na wanafunzi wa uhandisi kukagua viwanda vidogo na vya kati bila malipo. Mpango huo ulikuja kuitwa Industrial Assessment Centers. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Wanafunzi wakiongozwa na mhadhiri walisoma bili za mwaka mzima, wakazuru kiwanda kwa siku moja na vifaa vya kupimia, kisha wakaandika ripoti: fanya hiki, kitagharimu kiasi hiki, kitaokoa kiasi hiki. Miezi 6 hadi 9 baadaye walimrudia mwenye kiwanda wakamuuliza: umetekeleza lipi na umeacha lipi?

Kilichonivutia mimi ni kilichofuata. Majibu yote yaliingizwa kwenye hifadhidata moja iliyotunzwa na Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, na ikawekwa mtandaoni bure kwa yeyote. Kumbukumbu zake zinaanzia 1981. Kufikia miaka ya 2020 kaguzi zilikuwa zimepita 20,000 na mapendekezo yamepita 150,000. Jina la kiwanda halimo. Kilichomo ni aina ya bidhaa, idadi ya wafanyakazi, ukubwa wa bili, pendekezo lenyewe, gharama yake, akiba iliyotarajiwa na kama lilitekelezwa. Kati ya mapendekezo yanayojirudia sana ni taa zenye ufanisi zaidi, kuziba mivujo ya hewa na mota bora. Kumbe tundu la rafiki yangu si la Nairobi peke yake!

Mtu wa programu akiona jedwali kama hilo hudondokwa na mate. Mchumi naye vilevile. Mwaka 2004 Soren Anderson na Richard Newell walichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu hizo. Waliona kwamba viwanda vilitekeleza takriban nusu ya mapendekezo. Nusu! Ripoti ni ya bure, hesabu imeshafanywa, na bado nusu ya ushauri ukaachwa.

Kwa nini? Hapo ndipo penye somo. Waligundua kwamba wenye viwanda walisukumwa na gharama ya kuanzia kwa asilimia 40 zaidi ya walivyosukumwa na akiba ya kila mwaka. Tena maamuzi yao yalionyesha kwamba walitaka mradi uwarudishie asilimia 50 hadi 100 kwa mwaka. Kwa lugha ya sokoni: pesa irudi ndani ya mwaka mmoja au miwili, la sivyo mradi usiguswe.

Rudi kwenye mota yetu. Miaka miwili na miezi minne iko nje ya mstari, kwa hiyo mwenye kinu ataiacha na ataendelea kulipa Sh38,000 za bure kila mwaka. Usimwite mjinga. Ana karo ya watoto, ana kodi ya chumba, na akikopa mtaani riba yake inauma. Serikali ikilipa nusu, yeye anatoa Sh45,000 ambazo zitarudi baada ya mwaka mmoja na miezi miwili hivi. Mradi ule ule umeingia ndani ya mstari. Hii ndiyo hoja bora ya ruzuku ninayoijua, na ilipatikana kwa sababu kuna watu walioandika majibu ya simu zile kwa miaka mingi.

Sheria ya miundombinu iliyotiwa saini Marekani mwezi Novemba 2021 ilitenga dola milioni 400 za kutekeleza mapendekezo ya kaguzi za namna hiyo: hadi dola 300,000 kwa kiwanda, nacho kiwanda kitoe nusu ya gharama. Utazame mpangilio. Katika mpango huu kupima kulianza 1976 na pesa kubwa za utekelezaji zikatengwa 2021. Sisi hatuna haja ya kungoja miaka 45, lakini mpangilio wenyewe tusiugeuze kichwa chini miguu juu.

Na hapa kwetu?

Itakuwa si haki kusema Kenya imelala. Mwaka 2006 Wizara ya Kawi na Chama cha Watengenezaji Bidhaa (KAM) walianzisha kituo cha kushauri viwanda kuhusu matumizi bora ya kawi, nacho kimefanya kaguzi nyingi. Kisha Kanuni za Usimamizi wa Kawi za 2012 zikaagiza kwamba jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka kikaguliwe angalau mara moja kila miaka 3, na kitekeleze angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Kwenye karatasi, hiyo ni sheria ambayo nchi nyingi zingeionea wivu.

Lakini kuna mianya miwili.

Mwanya wa kwanza ni ukubwa. Yuniti 180,000 kwa mwaka ni 15,000 kwa mwezi, na kwa ile bei yetu ya mfano ni bili ya Sh300,000 kila mwezi. Kinu chetu cha kilowati 7.5 hakifiki hata yuniti 30,000 kwa mwaka. Karakana za Kariobangi Light Industries, wachomeleaji, waokaji mikate wa mitaani, wasagaji wa plastiki, wote hao wako chini ya mstari huo mmoja mmoja. Ukiwajumlisha ni wengi, nao ndio wasio na mhandisi wa kuajiriwa wala dawati la kusoma kanuni.

Mwanya wa pili ndio unaonikera zaidi. Ripoti za wakubwa wanaokaguliwa zinaishia wapi? Niliwahi kuandikia ofisi moja ya umma nikiomba takwimu za kaguzi zikiwa zimefutwa majina, ili nitengeneze tovuti ya kulinganisha: wewe una tanuri la mikate, waokaji wa kiasi chako hutumia yuniti ngapi kwa kila gunia la unga? Barua pepe ya kwanza haikujibiwa. Ya pili nilijibiwa nilete barua yenye muhuri. Nilipoileta nikaambiwa mhusika yuko semina. Hadi leo nadhani bado yuko semina.

Nasema haya kwa sababu mlango wa sheria uko wazi. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinampa raia haki ya kuomba habari iliyo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka habari za mtu zilindwe, na jedwali lisilo na jina wala mtaa laweza kuiheshimu. Kinachokosekana ni mazoea ya kuona ripoti ya ukaguzi kama mali ya umma pale umma ulipoilipia.

Pingamizi ninazozijua

Najua mtaniambia ruzuku ni mrija wa wizi. Nakubali hatari hiyo ipo, na ndiyo maana nang'ang'ania daftari. Mwizi hupenda ruzuku inayolipwa kwa fomu na picha. Ruzuku inayolipwa baada ya mita kuonyesha kwamba matumizi kwa kila gunia yameshuka ni ngumu zaidi kuibwa, hasa ikiwa jedwali lake liko mtandaoni na kuna vijana wanaolichungulia kila mwezi. Mtu akiandikisha vinu kumi hewa vyenye takwimu zinazofanana, programu ya mistari ishirini itamkamata.

Wengine watasema umeme wetu mwingi tayari unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo wa Turkana, kwa hiyo tunaokoa nini? Tunaokoa bili. Mwenye kinu hasagi moshi, anasaga mahindi, na kila shilingi inayopotelea kwenye mota inaongezwa kwenye bei ya unga au inatolewa kwenye mshahara wa kijana anayeshika gunia.

Pingamizi zito zaidi linatoka India. Mchumi Nicholas Ryan alifanya jaribio katika jimbo la Gujarat ambapo viwanda vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu vilipewa washauri wa kawi. Matokeo yake: viwanda vilivyoshauriwa viliishia kutumia umeme mwingi zaidi, kwa karibu asilimia 10, kwa sababu vilifanya kazi saa nyingi zaidi na kuajiri wafanyakazi wenye ujuzi zaidi. Anayetaka ruzuku ipunguze matumizi ya nchi nzima atavunjika moyo. Mimi sivunjiki. Karakana inayozalisha zaidi na kuajiri zaidi kwa sababu mashine zake zimekuwa nafuu kuendesha ndiyo tunayoililia kila mwaka wa uchaguzi. Jambo la maana ni tujue tunanunua nini. Ruzuku iahidi gharama ndogo kwa kila bidhaa na ipimwe kwa ahadi hiyo. Isiahidi kuokoa gridi ya taifa halafu ikalaumiwa kwa kazi ambayo haikuwa yake.

Ningeandika mpango huu hivi

Kwanza, vyuo. Kila mwaka wanafunzi wa uhandisi wanazunguka mjini na barua mkononi wakitafuta nafasi ya mafunzo kazini, na wengi huishia kutengeneza chai ofisini. Wapewe vibanio vya kupimia, mhadhiri mmoja na orodha ya karakana. Mwanafunzi anapata mafunzo ya kweli, mwenye karakana anapata ripoti ya bure, nayo serikali inapata safu moja kwenye jedwali.

Pili, jedwali lenyewe. Liwe faili la kawaida linaloweza kupakuliwa na kufunguliwa kwa lahajedwali lolote, bila kujisajili na bila kuomba ruhusa ya mtu aliye semina. Lisiwe na jina la mtu. Liwe na aina ya kazi, kaunti, matumizi, pendekezo, gharama, akiba, na jibu la swali la miezi sita: ulitekeleza? Ripoti anayopewa mwenye karakana iandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, kwa shilingi. Asilimia za ufanisi tubaki nazo sisi.

Tatu, pesa. Serikali ilipe nusu, kwa kiwango cha juu kinachojulikana, na kwa pendekezo lililotoka kwenye ripoti pekee. Yale yanayojilipa ndani ya miezi michache, kama kuziba hewa, yasilipiwe chochote. Yaelezwe tu vizuri. Sehemu ya malipo ibaki hadi kipimo cha pili kifanyike.

Pesa zitatoka wapi? Tangu 2023 kumekuwa na mpango wa kujenga maeneo ya viwanda katika kaunti, kila moja likikadiriwa kugharimu Sh500 milioni, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Sina ugomvi na ujenzi. Lakini asilimia moja tu ya kiasi hicho ni Sh5 milioni. Tenga Sh1 milioni kwa kupima na kutunza jedwali. Sh4 milioni zinazobaki zinalipia nusu ya bei ya mota 88 kama ile yetu ya mfano, na mota hizo zinawabakishia wenye vinu kama Sh3.3 milioni kila mwaka. Ndani ya miaka miwili wananchi wa kaunti hiyo watakuwa wameokoa zaidi ya kaunti ilivyotoa, nazo mota zitakuwa bado zinazunguka.

Kuna atakayeuliza, mbona ile Sh1 milioni isinunue mota nyingine 22? Kwa sababu bila hiyo hutajua kama zile 88 ziliokoa chochote, na kaunti jirani ikitaka kuiga itaanza tena gizani. Serikali hubadilika, bajeti hukatwa, na afisa huhamishwa. Safu iliyokwisha kuandikwa kwenye jedwali la wazi haihamishwi na mtu.

Kwa upande wetu, tuliosomea kompyuta tunaweza kuanza bila kungoja gazeti rasmi. Kifaa cha kupimia mkondo ni rahisi kutengeneza, programu huria za kuchora grafu zipo, na karakana haiko mbali na unapoishi. Ukipima moja, andika bila jina la mwenyewe: kazi gani, mashine gani, yuniti ngapi kwa wiki, nini kilirekebishwa, nini kilibadilika. Wakipima watu ishirini tutakuwa na jedwali dogo la kumwekea waziri au gavana mezani siku atakapotangaza ruzuku. Tumuulize swali moja tu: mheshimiwa, daftari liko wapi?